Shindano la CQ WW kutoka Tanga: rafiki akikutumia masafa kwa WhatsApp, bado wewe ni opereta mmoja?

Raskazone_Wima

Assalaam aleikum wakuu. Naomba mwongozo kwa waliozoea mashindano ya redio ya ridhaa.

Tunajiandaa na CQ WW ya sauti, shindano la kuwasiliana na stesheni nyingi za dunia, ile ya wikiendi kamili ya mwisho ya Oktoba. Stesheni itakuwa Tanga mjini, upande wa Raskazone, karibu na maji. Redio ni ya wati 100. Kwa bendi ya mita 20 tuna antena ya wima ya robo wimbi, urefu mita 5 na sentimita mbili tatu, na waya nne za chini. Kwa bendi ya mita 40 tuna waya wa nusu wimbi, kama mita 20, umevutwa baina ya minazi miwili. Umeme ni betri ya lithiamu ya Ah 100 na paneli ya sola.

Leseni na kolsaini (jina la stesheni hewani) ni za mmoja wetu, naye ndiye atakayeshika maikrofoni saa zote 48. Mwenzake atakaa pembeni kuandika logi, yaani orodha ya mawasiliano. Wa tatu yuko Bagamoyo na hana antena, yeye atafungua klasta (orodha ya mtandaoni ya nani anasikika masafa gani) kwenye simu na kututumia WhatsApp, kwa mfano "Japani, 21.290". Tunataka tuingie kundi la opereta mmoja, asiyesaidiwa, nguvu ndogo. Inakubalika?

Pili, tukiwa tunaita CQ (mwito kwa yeyote anayesikia), tukanyamaza dakika mbili, tukirudi tunakuta mtu kakaa palepale. Haki ni ya nani?

Tatu, mtaa una kelele nyingi za taa za LED na chaja. Je, tunaweza kurusha kutoka Tanga lakini tukasikiliza kupitia redio za mtandaoni zilizoko Ulaya?

Mwisho, shindano likiisha, kuna ubaya kuipitia logi na kusahihisha kolsaini kwa kuzitafuta mtandaoni? Natanguliza shukrani.


Logi_Safi

Waaleikum salaam mkuu. Umefanya vema kuuliza mapema, kwa sababu karibu yote uliyoyataja hayaonekani na mtu yeyote hewani. Hakuna refa chumbani kwenu. Mtu wa Finland akikupa 59, yaani ripoti ya jinsi anavyokusikia, na namba ya kanda yake ya dunia, anachukulia kwamba umemsikia mwenyewe na umeandika ulichosikia. Mashindano haya yote yamesimama juu ya imani hiyo, ndiyo maana nayachukulia kwa uzito.

Opereta mmoja maana yake ni mtu mmoja: anayetafuta, anayeita, anayesikia na anayeandika ni yeye yule. Mwenzake akishika kibodi tu, mmeshakuwa stesheni ya maopereta wengi. Chai anaweza kumletea, betri anaweza kumbadilishia, antena ikianguka anaweza kuinyanyua. Kibodi hapana.

Sasa huyo wa Bagamoyo. Kanuni haijali kama taarifa imetoka kwenye klasta, kwenye skima ya CW (programu inayosoma alama za Morse yenyewe) au kwenye simu ya rafiki. Inauliza jambo moja: je, umepewa kolsaini au kizidishi (kanda au nchi mpya inayozidisha alama) pamoja na masafa yake na chanzo kisichokuwa sikio lako? Kama ndiyo, umesaidiwa. Mimi hata ujumbe wa "mita 10 imefunguka Japani" nisingeupokea nikiwa nimejiandikisha kuwa sikusaidiwa, maana huo ndio uamuzi wenyewe ambao opereta wa peke yake anatakiwa aufikie kwa kuzungusha kitufe.

Watu hudhani ni jambo dogo. Piga hesabu uone. CQ WW inatoa pointi 3 kwa bara jingine, pointi 1 kwa nchi nyingine ndani ya bara lako, na sifuri kwa nchi yako mwenyewe. Jumla ya pointi inazidishwa kwa jumla ya kanda na nchi ulizopata katika kila bendi. Tuseme mna mawasiliano 400, yote ya mabara mengine: pointi 1,200. Vizidishi 80. Matokeo ni 96,000. Mawasiliano moja zaidi ya kawaida yanaongeza 3 mara 80, yaani 240. Kizidishi kimoja kipya kinaongeza 1,200 peke yake, mbali na pointi za mawasiliano yenyewe. Rafiki akikuonyesha vizidishi 20 tu kwa WhatsApp, amekupa zaidi ya 24,000, robo ya alama zenu. Halafu mnawekwa kwenye orodha moja na mtu aliyekesha anatafuta kwa sikio lake. Huyo mmemdhulumu, hata kama hamtamjua kamwe.

Dawa ni rahisi, wala hampotezi raha yoyote. Ingieni maopereta wengi, transmita moja, nguvu ndogo. Klasta inaruhusiwa humo, mnapokezana, mtu analala. Kundi hilo lina masharti yake ya kubadilisha bendi, yasomeni kabla. Au mwenye kolsaini akae peke yake kabisa, na kama anataka klasta, kichwa cha faili ya Cabrillo, ile logi mnayoituma kwa waandaaji, kisomeke:

CATEGORY-OPERATOR: SINGLE-OP
CATEGORY-ASSISTED: ASSISTED
CATEGORY-POWER: LOW

Kagua mistari hiyo kabla ya kutuma. Programu hukumbuka ulichoweka shindano lililopita.

Jambo moja zaidi kuhusu wa Bagamoyo. Hata mkiwa maopereta wengi, asimpigie mtu wa Nairobi simu kumwambia "waite Tanga 14.205". Kanuni ya CQ WW iko wazi: kuomba mawasiliano, kuyajibu, kupokea kolsaini na kupokea namba, vyote vifanyike ndani ya muda wa shindano, kwenye masafa ya shindano na kwa mtindo wa shindano. Simu haimo.

Kuhusu redio za mtandaoni, jibu ni hapana, na hapa sina la kulainisha. Transmita na risiva (mitambo ya kupokea) zote ziwe ndani ya duara la kipenyo cha mita 500, na antena ziunganishwe kwa waya na mitambo hiyo. Ukirusha Raskazone ukasikiliza kwa sikio lililoko Uholanzi, hujawasiliana kutoka Tanga. Umefanya nusu ya kazi kwa redio na nusu kwa intaneti.


Chumbageni_CW

Naongeza kwenye swali la masafa. Hayana hatimiliki. Anayeyatumia ana haki nayo kwa muda anaoyatumia. Ukinyamaza dakika mbili ukakuta mwenzako ameuliza, hakujibiwa, akakaa, basi ni pake. Hamia juu au chini kHz 3, maisha yaendelee. Mkitaka kunywa maji, pokezaneni, au acheni sauti iliyorekodiwa iite CQ kila baada ya sekunde nne tano huku mtu anasikiliza kweli. CQ inayojiita yenyewe na hakuna sikio ni kufunga mlango wa watu bila sababu.

Kabla ya kukaa mahali, sikiliza kwa sekunde kumi na tano. Kisha uliza kwa Kiingereza kama masafa yanatumika, taja kolsaini, ngoja sekunde tano, uliza tena. Kwenye CW ni QRL, swali hilohilo kwa kifupi, mara mbili. Kwa nini mara mbili? Kwa sababu ukiwa Tanga mara nyingi unasikia upande mmoja tu wa mazungumzo. Mtu wa Nairobi kwenye mita 20 mchana yuko mbali mno kwa wimbi la ardhini na karibu mno kwa wimbi linalorudi kutoka angani. Wewe humsikii kabisa, lakini Mtaliano anawasikia nyote wawili mmepandana. Swali la kwanza linaweza kuangukia wakati Mtaliano anaongea. La pili ndilo litakalojibiwa.

Ikitokea mmeshakaliana bila kujua, hakuna haja ya kugombana. Mara nyingi mtu wa tatu atakwambia. Shukuru, sogea. Kama ni wewe uliyetangulia, sema mara moja kwa adabu kwamba masafa yanatumika, pamoja na kolsaini yako. Asiposogea, sogea wewe. Dakika kumi za kubishana ni mawasiliano ishirini yaliyopotea, na wote wanaosikiliza wanaandika kolsaini zenu kichwani.

Mipaka. Sisi tuko Kanda ya 1 ya IARU, muungano wa dunia wa redio ya ridhaa (hii si ile kanda ya shindano). Mita 20 kwa sauti, kaa kati ya 14.125 na 14.300. Hiyo 14.300 yenyewe ni kitovu cha dharura, iacheni wazi pamoja na kHz kadhaa kila upande. Sisi watu wa pwani tunajua chombo kikiharibika baharini kinahitaji nini. Kwenye mita 40 ni 7.060 hadi 7.100, halafu 7.130 hadi 7.200, na 7.110 ni ya dharura. FT8, mawasiliano ya kompyuta, iko 7.074 na 14.074, zikwepeni. Kwenye 14.100 kuna vinara, stesheni za kupimia jinsi mawimbi yanavyosafiri, kimoja chao ni 5Z4B cha Kenya. Ukiita CQ juu yake unaua kipimo cha dunia nzima.

Kumbukeni kwamba mita 20 tunatumia upande wa juu. Ukiweka 14.349 kwenye kioo, sauti yako inaenda hadi karibu 14.352, nje ya bendi. Mwisho wako salama ni 14.347. Bendi za 5, 10, 18 na 24 MHz hazina mashindano. Huko wamekimbilia wasiotaka kelele zetu, tusiwafuate.

Sasa rundo, yaani watu wengi wanaokuita kwa pamoja. Kwa Ulaya, 5H (mwanzo wa kolsaini za Tanzania) ni kizidishi adimu, kwa hiyo mkionekana kwenye klasta mtaitwa na watu thelathini kwa pamoja. Adabu ya mwenye rundo ni nzito kuliko ya anayeita. Ukisikia "Lima Zulu" tu, sema "Lima Zulu, 59 37" na ubaki na huyo Lima Zulu mpaka mmalize, hata kama wenye nguvu wanapiga kelele juu yake. Ukimwacha ukamjibu mwingine mwenye sauti kubwa, umewafundisha wote kwamba kupiga kelele kunalipa, na baada ya dakika tano hutapata hata herufi moja safi. Akikosekana kabisa baada ya kumwita mara tatu, tangaza kwamba umemwacha, kisha endelea.

Taja kolsaini yenu kila mawasiliano mawili au matatu. Wako wasioitaja kwa dakika nne ili waende haraka. Matokeo yake watu wanaita bila kujua wanamwita nani, au wanaichukua kolsaini kutoka klasta ambako huenda imekosewa, na wewe unaishia kutokuwepo kwenye logi zao.

Shindano hili ni la sauti, najua, lakini Novemba inakuja CW na ningependa mlijue hili mapema. Kolsaini zetu zina ugonjwa wake. Namba 5 ni nukta tano, H ni nukta nne, 3 ni nukta tatu na mistari miwili. Hesabu: kabla hujafika mstari wa kwanza umeshapiga nukta kumi na mbili. Kwa kasi ya maneno 34 kwa dakika, nukta moja ni milisekunde 35 na nafasi kati ya herufi ni kama 105 tu. Ishara ikitetemeka kidogo, msikilizaji anapoteza nukta moja, na 5H inakuwa HH. HH ni Haiti. Amekosa yeye, umekosa na wewe. Shukeni hadi maneno 24 au 26, na kwenye kumbukumbu ya kiya (kifaa cha kupigia Morse) ongezeni nafasi kidogo baada ya 5 na baada ya H. Kasi mnayoipoteza ni sekunde moja, mnachookoa ni mtu kukuomba urudie mara tatu.


Sahare_DX

Wakuu, naheshimu mliyoyasema, ila nina mtazamo tofauti kidogo. Stesheni za Afrika Mashariki ni chache. Wenzetu wana minara ya mita 40, antena za yagi za vipande vitano, na umeme wa uhakika. Sisi tuna wati 100 na waya kwenye mnazi. Kusema kijana wa Tanga asiangalie klasta ni kumwongezea mzigo. Na kujitangaza kwenye klasta mwenyewe, mimi naona ni kuwasaidia wao, maana wao ndio wanaotutafuta sisi.


Logi_Safi

Ndugu Sahare_DX, hoja ya uchache naielewa na ina ukweli. Lakini angalia: hakuna aliyemkataza klasta. Amekatazwa kuitumia halafu aandike kwamba hakuitumia. Kundi la waliosaidiwa lipo, lina orodha yake na vyeti vyake, na hakuna anayelidharau. Pia wenye minara ya mita 40 na nguvu kubwa hawako kwenye orodha yetu. Nguvu ndogo ni wati 100, nguvu kubwa inafika 1,500, na wa wati 5 wana yao. Haki imeshawekwa kwenye makundi. Kinachobaki ni kila mtu aseme kweli yuko wapi. Kwa sababu hiyohiyo, mwenye kikuza nguvu cha wati 400 anayeandika LOW amewaibia hao hao vijana wa waya kwenye mnazi unaowatetea.

Kujitangaza ni suala la kanuni ya kila shindano. Yako yaliyoruhusu, yako yanayokataza. Soma kanuni za mwaka huo, za shindano hilo, usitegemee ulichozoea kwingine. Pale inapokatazwa, kumwomba shemeji wa Korogwe akutangaze kila nusu saa ni kujitangaza vilevile, na klasta huhifadhi nani alimtangaza nani na mara ngapi.

Na sisi tuna faida moja ambayo wenye minara wanaitamani: maji ya chumvi. Antena ya wima iliyo ukingoni mwa bahari inarusha chini sana kwenye upeo kwa upande wa maji. Hiyo ni halali yetu. Itumieni.


Fundi_Bombo

Salaam. Nimeona hamjagusa usafi wa ishara, na kwangu hiyo ni sehemu kubwa ya haki. Mwenye ishara chafu anachukua nafasi ya watu watatu, na kamati ya CQ WW inaihesabu kuwa ni kosa la uanamichezo kama udanganyifu mwingine.

Anzeni na waya wa betri. Redio ya wati 100 inavuta ampea 20 au zaidi kidogo kwenye kilele. Waya wa 1.5 mm² wenye mita 3 kutoka betri hadi redio ni mita 6 kwenda na kurudi, na kwa ampea 20 unapoteza karibu volti 1.4. Betri yenu ya lithiamu iko volti 13 hivi ikiwa imejaa kiasi. Redio itaona 11.6. Redio nyingi zimeundwa kwa 13.8 na huvumilia kushuka asilimia 15, yaani 11.7. Chini ya hapo sauti inapasuka, inapanuka, na kwenye CW nukta inakuwa na mlio wa kuteleza. Wekeni waya wa 6 mm² mpoteze chini ya volti 0.4. Fyuzi mbili, karibu na betri.

Kisha Ah 100 hazitoshi. Kwa kuita CQ mfululizo, wastani wa kupokea na kurusha ni kama ampea 5. Saa 20, betri tupu. Shindano linaanza Jumamosi saa 9 usiku kwa saa zetu, kwa hiyo mtakatika Jumamosi saa 5 usiku. Tafuteni ya pili, mchaji moja huku mnatumia nyingine, na mchajie mbali na antena, kwa sababu vidhibiti vya sola vya MPPT vinapiga kelele mbaya mchana kutwa.

Maikrofoni: ongezeni sauti mpaka mita ya ALC, inayoonyesha redio inavyojibana yenyewe, inaanza kucheza tu, isijae. Kompresa isizidi desibeli 10. Watu wanaifungua yote wakidhani wanasikika zaidi. Kinachoongezeka ni upana: badala ya kHz 2.5 unakuwa na 6, jirani yako wa juu anaondoka na unadhani umemshinda. Siku moja kabla, mpate mtu wa Pongwe au Muheza mwenye redio, azungushe kHz 3 juu na 3 chini ya masafa yenu huku mnaongea. Akisikia chochote zaidi ya mnong'ono, punguzeni.

Waya wenu wenye urefu wa mita 20, ule wa bendi ya mita 40, kama mnaulisha kwenye ncha kwa transfoma ya 49 kwa 1, utarudisha mawimbi kwenye kebo mpaka kwenye maikrofoni, na sauti itakuwa kama mtu anaongea ndani ya pipa. Zungusheni kebo ya RG-58 mara 10 hadi 12 kwenye pete ya feraiti ya aina ya 31, inchi 2.4, karibu na redio. Na kwa hewa ya chumvi ya Raskazone, kila plagi ya nje ifungwe kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, kuanzia kebo hadi kwenye mwili wa soketi. Plagi iliyoota kutu ya kijani inazaa kelele na mawimbi ya ziada.

Kelele za mtaani mnaweza kuzipunguza kihalali. Zimeni swichi kuu ya nyumba, redio iendeshwe na betri, muone ni kiasi gani ni chenu wenyewe. Kisha washeni saketi moja moja. Kinachobaki ni cha majirani: tembeeni na redio ndogo ya AM mkitafuta panapopiga kelele zaidi, mara nyingi ni chaja moja au mbili tu, na ukimnunulia jirani chaja nyingine mambo yanaisha. Kwa kupokea kwenye mita 40 na 80, lazeni chini waya wa mita 18 kwa umbo la mraba, mita 4.5 kila upande, kwenye uwanja ulio mbali na nyumba lakini ndani ya lile duara la mita 500. Ishara zinashuka nguvu, lakini kelele zinashuka zaidi ya ishara, na hilo ndilo mnalolitaka. Hapo hamhitaji sikio la Uholanzi.


Raskazone_Wima

Ahsanteni sana wakuu, nimeelewa mengi. Mzee Logi_Safi, shikamoo, bado la logi. Nikigundua Jumatatu asubuhi kwamba niliandika kolsaini isiyokuwepo duniani, niiache hivyohivyo?


Logi_Safi

Marahaba. Ndiyo, iache. Naomba nieleze kwa nini, maana hapa ndipo watu wema wanapoteleza wakidhani wanafanya usafi.

Kusahihisha wakati shindano linaendelea ni halali: umesikia vibaya, ukamuuliza, akarudia, ukarekebisha. Ukikosea kubofya, andika kwenye karatasi na urekebishe kabla saa haijafika. Baada ya hapo, kutumia rekodi, tovuti za kolsaini, barua pepe au orodha yoyote kubadilisha ulichopokea kumekatazwa. Kinachopimwa ni ulichokipata kutoka hewani. Ukikitengeneza baadaye kwa tovuti, umejipa mawasiliano ambayo hukuyafanya.

Logi zote zinalinganishwa na kompyuta, yako na ya uliyewasiliana naye. Kolsaini iliyokosewa inaondolewa na unakatwa pointi mara mbili ya mawasiliano hayo juu yake. Vivyo hivyo kama wewe humo kabisa kwenye logi yake. Namba ya kanda ikikosewa, mawasiliano yanaondolewa bila adhabu ya ziada. Adhabu hiyo ipo makusudi ili kubahatisha kusilipe. Kuuliza "rudia tafadhali" ni sekunde tatu. Kubahatisha Mrusi ambaye hukusikia herufi yake ya mwisho kunaweza kukugharimu mawasiliano matatu.

Jihadharini sana na programu inayojaza kanda yenyewe. Unaandika kolsaini ya Marekani yenye namba 6, programu inaweka 3, kwa sababu 6 ni California. Lakini siku hizi Mmarekani anahamia Florida na kolsaini yake ileile, na anatuma 5. Wewe umechoka, ni saa 10 alfajiri, unaona 3 kwenye kioo, unasikia "five" lakini mkono unabofya Enter. Ameshakosekana. Mshika kibodi aambiwe: kisanduku cha kanda kinaandikwa na sikio. Ninyi wenyewe mnatuma 37. Msichanganye na 53, hiyo ni kanda ya ITU, inatumika kwenye shindano la IARU la Julai.

Mkiwasiliana na mtu mara mbili kwenye bendi moja, acheni yote mawili kwenye logi. Hayana adhabu. Mkifuta moja, mnaweza kufuta lile ambalo yeye ndilo alilolihesabu, akakatwa yeye kwa kosa lenu. Akikuita tena usimfukuze kwa "tumeshaongea". Mpe namba, ni haraka zaidi, na huenda mara ya kwanza hakukupata.

Kenya, Uganda na Msumbiji ni pointi 1 kila mmoja lakini ni vizidishi vya nchi, msiwapuuze. Unguja na Pemba ni nchi yetu hiyohiyo, pointi sifuri. Ila mtu mmoja wa 5H kwenye kila bendi anawapa kizidishi cha nchi na cha kanda 37, kwa hiyo mkimsikia mwiteni.

Saa ya kompyuta iwe UTC, saa tatu nyuma ya yetu, na ilinganishwe na intaneti Ijumaa jioni. Mwisho ni Jumatatu saa 8 na dakika 59 usiku kwetu. Muda wa mawasiliano usiguswe baadaye kwa sababu yoyote, hasa kwenye kundi la maopereta wengi ambako kuna masharti ya kubadili bendi. Kusogeza dakika mbili ili kanuni itimie ni udanganyifu kamili, na unaonekana, kwa sababu logi za wenzako zina dakika zao.

Tumeni ndani ya siku tano, hata mkiwa na mawasiliano 30. Kama hamtaki kushindanishwa, wekeni CHECKLOG, itawasaidia wale mliowasiliana nao kuthibitishiwa yao.


Raskazone_Wima

Tumekubaliana: maopereta wengi, transmita moja, LOW. Wa Bagamoyo anapanda basi Ijumaa asubuhi aje akae nasi chumbani, zamu yake ni saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi. Fundi, hiyo pete ya aina ya 31 nikikosa hapa Tanga, pete mbili ndogo zilizofungwa pamoja zitafaa?


Fundi_Bombo

Zitafaa, ila tundu liwe na nafasi ya kupitisha RG-58 mara saba nane bila kuikunja kwa nguvu. Kipenyo cha kila mzunguko kisipungue sentimita 5, la sivyo waya wa kati unasogea ndani ya plastiki na kebo inaharibika taratibu. Na ziwe za aina ya 31 au 43. Za njano zinazotoka kwenye vifaa vya umeme wa kompyuta ni unga wa chuma, hazizuii kitu hapa.